Simu Niliyokukatia

Ugonile, Lusajo mjukuu wangu.

Huku Matema mvua haijatuacha tangu tumzike babu yako, na vyungu vyangu havikauki. Shangazi yako bado anakohoa, ila chakula anakula.

Amenisomea ujumbe uliomtumia: "Bibi bado amenikasirikia kwa kutokuja kumzika babu? Mbona ananikatia simu?"

Mjukuu wangu, hii simu uliyoniletea ni kioo kitupu, haina hata kitufe cha kubonyeza. Navuta ile alama ya kijani, haisogei. Vidole vyangu vimeisha kwa kulainisha vyungu kwa kokoto, na kioo hakivitambui. Shangazi yako alinielekeza mpaka akachoka. "Mama, unafanya makusudi," akasema.

Nikamkumbuka mama yangu, mfinyanzi kama mimi. Nilipokuwa binti mdogo nilishikwa na homa. Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, kisha akakiondoa. "Mkono huu umekuwa udongo," akasema, "hausikii joto." Basi akainama, akaniwekea shavu lake. Alikaa hivyo muda mrefu, na nadhani homa alikuwa ameshaipima.

Jumapili ulipopiga, picha yako ilijaa kioo kizima. Nikavuta, nikavuta tena, nawe unaita tu. Vidole viliposhindwa, nikainama nikakuwekea shavu.

Hapo ndipo simu ilipokatika.

Ni mimi bibi yako, nisiye na hasira.