Acha Moyo Udunde

Ijumaa, jioni. Huku Manyatta kuna baridi ya kuuma masikio. Ukungu umeshuka tangu saa kumi na mashamba ya chai ng'ambo ya barabara hayaonekani tena. Miguu yangu inauma, goti la kushoto limechubuka, na nina furaha fulani ya kijinga ambayo sijaisikia kwa karibu mwaka mzima.

Nataka kuiandika kabla sijaanza kuitilia shaka.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: naitwa Gatwiri. Nilizaliwa Githongo, nikaolewa huku Embu, na ni karani katika ofisi moja mjini. Nina ugonjwa wa tezi ya shingo, ile inayoitwa thairoidi. Yangu ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Iligunduliwa miaka miwili iliyopita, baada ya miezi ya kula kama mchimba mtaro huku nguo zikizidi kunipwaya. Mikono ilitetemeka mpaka sahihi yangu ikakataliwa benki. Moyo ulikwenda mbio hata nikiwa nimeketi nachambua maharagwe. Watu walisema wanayosema watu mwanamke akikonda. Sitayarudia hapa.

Nilipewa tembe, nikazimeza kila siku bila kukosa. Baada ya mwaka mmoja na kitu, majibu ya damu yakawa mazuri, na yamebaki mazuri hadi leo.

Ugonjwa ulitulia. Mimi sikutulia.

Kilichonivuruga ni mazishi. Dada yangu mkubwa, Kanana, alikuwa na tatizo kama langu. Alipopata nafuu aliacha dawa bila kumwambia mtu yeyote, na mwaka jana, wakati wa kuchuma kahawa, akaanguka shambani huko Githongo akiwa na kikapu kiunoni. "Moyo ulisimama tu," ndivyo kila aliyekuja kutupa pole alivyosema. Nilisimama kando ya kaburi la dada yangu nikasikia moyo wangu ukigonga, nikaanza kuusikiliza.

Sikuacha tena kuusikiliza.

Acha niseme ukweli, kwa sababu hapa ndipo mahali pekee ninaposema ukweli wote. Nilinunua kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kukuonyesha mapigo ya moyo. Nilikuwa nacho kwenye mkoba, ofisini, kanisani, jikoni. Nilikuwa na daftari la kuandika namba. Nilikunywa maji mbele ya kioo nikitazama kama shingo imevimba upande mmoja. Nilisoma kwenye simu dalili za magonjwa ambayo sijui hata kuyatamka, na kila ugonjwa niliousoma ulihamia kwangu kabla ya chakula cha jioni. Niliacha kupanda ngazi. Niliacha kuimba kwaya, kwa sababu noti za juu zilinikata pumzi. Mara tatu Njeru, mume wangu, ameita gari la jirani kunikimbiza hospitalini nikiwa na hakika kwamba ninakufa, na mara tatu wamenipima moyo wakanirudisha nyumbani na chupa ya maji.

Mara ya tatu daktari aliketi nami. Ni mwanamke wa umri wangu, hana haraka. Alinionyesha karatasi ya kipimo.

"Gatwiri, moyo wako uko sawa. Nimeupima, si eti nakutuliza. Endelea na tembe, uje utolewe damu tarehe zako. Lakini tembea, kimbia, beba maji. Ukipata maumivu ya kifua au ukizimia, njoo mara moja. Ukisikia moyo unadunda baada ya kupanda mlima, huo ni mlima."

Kisha akaniambia kwamba wasiwasi wangu nao ni ugonjwa, una matibabu, wala si aibu. Akanituma kwa mshauri nasaha. Nimemwona mara mbili. Nilitoka pale nikijiona nimepona, na nilipofika stendi nikatoa kifaa mkobani nikajipima.

Basi, Jumatano. Nikiwa kazini nilipigiwa simu na Mwalimu Muthoni, anayemfundisha binti yangu Wawira katika Gredi ya Nne.

"Mama Wawira, usishtuke, mtoto si mgonjwa. Lakini pitia hapa jioni tuongee."

Nilishtuka, bila shaka. Nilifika shuleni nikamkuta amekaa darasani peke yake akisahihisha madaftari. Aliyasukuma kando.

"Unajua Wawira yuko kwa timu ya mbio za kupokezana vijiti," alisema. "Yeye ndiye anamaliza. Sasa jana kwa mazoezi alisimama katikati ya uwanja, akashika mkono hivi." Mwalimu aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake. "Akaniambia, 'Mwalimu, siwezi kuendelea, moyo wangu utasimama.' Nilidhani ni mchezo. Lakini alikuwa anatetemeka. Mama Wawira, mtoto wa miaka tisa anatoa wapi mambo kama hayo?"

Nilijua anatoa wapi. Nilitazama viatu vyangu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na Wawira. Jikoni, akimenya viazi, nilimwambia nimeongea na mwalimu. Nilimweleza kwamba mimi nina ugonjwa wa tezi, yeye hana, kwa hivyo hana cha kuogopa. Nilidhani nimeeleza vizuri. Aliendelea kumenya, kisha akauliza bila kuniangalia:

"Lakini Mum, daktari alikwambia wewe uko sawa, na bado unaogopa. Sasa mtu atajuaje kama yuko sawa?"

Nilichukua kisu cha pili nikaanza kumenya naye.

Mtoto wangu alikuwa ameketi miezi yote hiyo akinitazama nikijilaza sakafuni na kidole kimebanwa, akanisikia nikilia kwamba nitaenda kama Kanana. Nilidhani naubeba mzigo huu peke yangu. Kumbe nilikuwa namfundisha, kila siku, somo baada ya somo, na yeye ni mwanafunzi mzuri.

Nilikasirika. Huzuni naijua, imekaa nami muda mrefu. Hii ilikuwa hasira ya mtu aliyekuta mwizi ndani ya chumba cha mtoto. Wewe hofu, chukua usingizi wangu, chukua kwaya yangu. Huyu humchukui.

Nilitoa kifaa na daftari nikampa Njeru, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka shambani.

"Niviweke wapi?" aliuliza.

"Mahali ambapo nikiviulizia utasema hapana."

Alivibana kwapani. "Utaviulizia leo?"

"Baada ya chai."

Niliviulizia kabla ya chai. Alisema hapana. Nikamwambia ni mkatili, akasema sawa, akanimiminia chai. Tumeoana miaka kumi na mmoja na sijawahi kumpenda na kumchukia kwa wakati mmoja namna ile.

Leo ilikuwa siku ya michezo shuleni. Niliomba ruhusa kazini nikaenda nikiwa na nia ya kuketi tu karibu na Wawira. Nafasi yake kwenye timu alikuwa amepewa msichana mwingine. Aliketi nami kwenye nyasi amevaa sweta amefunga vifungo vyote, akitazama wenzake wakijinyoosha, na alikuwa na uso wa mtu mzima. Uso ule uliniuma.

Baada ya mbio za madarasa, mwalimu mkuu akashika kipaza sauti. "Sasa akina mama! Mzunguko mmoja tu! Msijifiche nyuma ya miavuli, tunawaona!"

Sikuwa nimepanga. Naapa sikuwa nimepanga. Nilijikuta nimesimama, navua viatu.

Wawira alinishika sketi. "Mum, usiende."

"Nitazunguka mara moja nirudi."

"Mum, tafadhali. Anti Kanana..."

"Anti Kanana aliacha dawa," nilimwambia. "Mimi nimemeza yangu leo asubuhi, na umeniona. Daktari amesema nikimbie. Sasa naenda kumwamini."

Tulikuwa akina mama kama kumi na wawili kwenye mstari. Kando yangu alikuwa Mama Nyaga, anayeuza ndizi sokoni, mwanamke mkubwa, miguu mitupu, leso imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda vitani. "Leo ni leo," akaniambia. Filimbi ikalia.

Hatua za kwanza zilikuwa tamu. Nilikuwa nimesahau kwamba mwili huu uliwahi kuwa wa msichana aliyekimbia kutoka mtoni Githongo na mtungi wa maji. Halafu tukafika upande wa chini, pale uwanja unapoinama karibu na magoli, na moyo ukaamka. Ulidunda kifuani, shingoni, masikioni, ndani ya meno. Na ile sauti ninayoijua ikaja: simama, lala chini, hivi ndivyo ilivyokuwa kwa Kanana. Vidole vyangu vya mkono wa kulia vilianza vyenyewe kutafuta kifundo cha mkono wa kushoto. Mtu hawezi kukimbia hivyo. Nilijikwaa nikaanguka kwa goti.

Nilikuwa chini, mahali nilipopazoea. Ningeweza kubaki pale. Wangekuja na maji, gari lingeitwa, na Wawira angekuwa na ushahidi wake.

Mama Nyaga akanipita akihema kama trekta. "Amka, mama! Kwani unalala hapa?"

Niliamka. Na sijui niseme nini kuhusu kilichofuata ila kwamba nilipiga kelele. Nilikimbia nikipiga kelele, "Dunda! Dunda basi! Dunda!" Watoto wa Gredi ya Kwanza walidhani ni wimbo, wakaanza kupiga makofi na kuitikia. Uwanja mzima ulicheka. Nilimaliza nikiwa wa pili kutoka mwisho, nikimshinda mama mmoja tu, ambaye alikuwa na mtoto mgongoni.

Sijafa.

Naandika hivyo kwa herufi za kawaida, lakini ujue mkono unabonyeza kwa nguvu.

Niliketi kwenye nyasi. Wawira alikuja mbio, ndiyo, mbio, ila sidhani alijua kwamba anakimbia. Alikuwa analia kwa hasira.

"Nilikwambia usiende!" Akaweka kiganja chake kifuani pangu. Macho yakamtoka. "Unadunda sana."

"Ndiyo. Nimetoka kukimbia."

"Utakufa?"

Zamani ningemwambia hapana, usiseme hivyo, nyamaza. Leo nilimjibu kama mtu anayestahili jibu. "Siku moja nitakufa, kama kila mtu. Nina dawa, nina daktari, na nitafanya yote ili siku hiyo ikawie. Lakini hiki unachokisikia ni moyo unaofanya kazi yake. Acha mkono hapo hapo. Usihesabu. Tungoje tu."

Tulingoja. Mimi pia nilikuwa naogopa, sitadanganya. Mama Nyaga alituletea maji, akatuangalia, akaondoka bila kuuliza kitu. Kidogo kidogo mapigo yakashuka. Nilimwona Wawira akiyasikia yakishuka, uso wake ukilegea, mpaka ukawa tena uso wa mtoto wa miaka tisa.

"Umepungua," alisema. "Umepungua wenyewe."

Wenyewe! Nimelipa nauli ngapi za kwenda hospitalini, nimesoma kurasa ngapi kwenye simu, na hakuna aliyenieleza vizuri namna hiyo.

Timu ya Gredi ya Nne ilikuwa ya nne katika mbio za vijiti. Wawira alitazama akiwa amefungua vifungo vya sweta. Msichana aliyemaliza alipochelewa kupokea kijiti, binti yangu alisonya na kusema, "Ningekuwa mimi, tungekuwa wa pili."

Sijasikia maneno matamu kama hayo mwaka huu.

Sasa msinipigie vigelegele. Sijapona wasiwasi kwa kuzunguka uwanja mara moja. Nilipokuwa naoga jioni hii nilipapasa shingo, mara mbili. Nilimwuliza Njeru lile swali langu la kifaa, akasema hapana, na safari hii nilicheka. Wiki ijayo nina miadi na mshauri nasaha, nami nitakwenda. Mwezi ujao nitatolewa damu na kungoja majibu, na najua siku hizo za kungoja zitakuwa ndefu. Huenda siku moja majibu yakawa mabaya. Yakiwa mabaya, tutatibu. Lakini sitaugua leo kwa ajili ya majibu ambayo hayajaandikwa.

Nimemlilia dada yangu kwa kuogopa kufa kama yeye, mpaka nikasahau alivyoishi. Kanana alicheka kwa sauti hata kanisani. Aligombana na wanunuzi wa makadamia hadi wakaogopa kupita kwake. Nitamsimulia Wawira hayo. Kufikia sasa amejua tu namna alivyoanguka.

Kesho Jumamosi tunapanda kwa mama mkwe wangu, kule juu karibu na msitu. Ni mwendo wa saa nzima, na barabara haina huruma. Wawira amesema atakuwa mbele, na kwamba hatanisubiri. Hofu ikitaka kuandamana nasi, njia ni ya wote. Ila itatembea kwa miguu yake. Mimi siibebi tena.