Fukusi wa Mteremko Mmoja

Jumatatu, 4 Machi
Ombi langu la tatu la kuwaokoa fukusi wa mteremkoni limekubaliwa! Afisa wa mazingira atafika Jumatano. Karani wake amekiri kwamba hajaona lugha iliyonyooka namna ile tangu aajiriwe. Nilitaraji hivyo. Mke wangu ameuliza kama nimegusia paa letu linalovuja. Nikamjibu kwamba halihusiani. Akasema laiti angezaliwa fukusi, angepata wa kumtetea.

Jumanne, 5 Machi
Nimepanda mteremkoni. Wapo. Weusi, madoa ya kijani, pua ndefu, mabawa yamegandana mgongoni—hawawezi kuruka. Hula majani ya kichaka cha aina moja tu, nacho kisiwani kote kimesalia hapa. Barabara mpya itapita hapa hapa. Dereva wa tingatinga ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Amesema yeye hutii amri. Nilete karatasi, atageuza.

Jumatano, 6 Machi
Nimeharibu. Nimeharibu kabisa!
Afisa alifika, viatu vinang'aa, gari limeachwa likinguruma. Nilimsomea utangulizi niliouandaa. Akatazama saa. Nikaharakisha: mwavuli nikaugeuza chini ya kichaka, tawi nikaligonga kwa fimbo, maana ndivyo wanavyokusanywa. Wakaanguka tele. Wote chali, miguu imekunjwa! Ndiyo kinga yao: wakishtuka hujifanya wafu mpaka waridhike kwamba hatari imepita. Nilimweleza hayo kwa ufasaha. Akamgusa mmoja kwa kalamu. Akamgusa tena.
"Mzee wangu, hawa wameshakufa."
Nikamsihi asubiri. Ana kikao. Gari lilipotokomea, wakainuka na kutembea kwenye ukingo wa mwavuli, bila haya. Niliwafokea kama watoto walioniaibisha mbele ya wageni. Wakajifia upya.

Alhamisi, 7 Machi
Karani asema ripoti imekwishapita: hakuna mdudu hai aliyethibitishwa. Anishauri niandike ombi jipya, litajibiwa ndani ya mwezi. Tingatinga ni kesho! Sikula. Mke wangu hakutania.

Ijumaa, 8 Machi
Mteremkoni. Naandikia gotini.
Nusu ya vichaka imekwenda. Nimeketi mbele ya tingatinga, kati ya vichaka vilivyobaki. Shemeji akapiga kelele: "Shemeji, toka! Dada atanitafuna mbichi!" Vibarua wanacheka, eti Bwana Fukusi awaamuru wadudu wake wapige kwata. Msimamizi naye akacheka, akaapa mbele yao wote: akimwona mmoja tu akitembea, kazi itasimama mpaka afisa arudi.
Lakini injini ikinguruma ardhi hutetemeka, na ardhi ikitetemeka hawaamki. Nikaomba izimwe.
"Atembee kwanza," akasema msimamizi.
"Hawezi, bwana, mpaka mzime."
"Basi amekufa."
Nilikuwa na hoja nne, zimepangwa vizuri. Nikasema tu: tafadhali. Neno hilo peke yake, halina kichwa wala miguu.
Shemeji akazima. Msimamizi anamfokea awashe. Shemeji asema ufunguo umemponyoka; amejiinamia chini ya kiti, anautafuta kwa bidii ambayo sijapata kuiona kwake.
Ardhi imetulia.
Fukusi yumo katika kiganja changu cha kushoto, chali. Msimamizi amesogea, amechuchumaa, anamtazama. Mguu wa mbele umekunjuka—au ni mkono wangu unaotetemeka?