Eti Binti Yangu Asije Kwenye Mtihani

Shoga, niko nje ya geti la shule.

Mwalimu wa darasa la pili kaniita kando, eti, "Mama, kesho usimlete binti yako. Sema anaumwa."

Nikamuuliza, kesho si ndiyo mtihani wa shule zote?

"Ndiyo maana. Anasoma polepole mno, atatuangushia wastani."

Usimlete! Mtoto wa miaka saba! Na binti mwenyewe kasimama hapo hapo, kanishika sketi, anasikia kila neno.

Nikamwambia, "Mwalimu, kesho namleta mimi mwenyewe, na nitamsubiri hapa mpaka amalize."

Hakunitazama tena.

Tumetoka, mtoto analia: "Mama, wastani ni nani? Mimi sijamwangusha mtu."