Kitako cha Bunduki Yako

Baba Yohana,

Nilitaka kuanza kwa salamu kama watu, lakini kalamu inakataa. Njoroge amekamatwa.

Haya, salamu basi. Watoto hawajambo. Yohana amekupita kimo, ingawa kukupita wewe si kazi ngumu. Mdogo bado anainua kichwa mlango ukilia. Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Ni Njoroge wako huyo huyo, seremala wa Ruiru, rafiki uliyebishana naye kila Jumapili baada ya kanisa mpaka chai inapoa. Askari walipekua karakana yake wakakuta kile kipande cha mti alichokikata kwenye kitako cha bunduki yako. Unamjua Njoroge, hatupi ubao mzuri. Alikuwa amekifanya kabari ya dirisha. Wakaona yale matundu mawili ya skrubu, wakaona umbo lake, wakasema anawatengenezea bunduki watu wa msituni. Yuko ndani Thika, anangoja kesi. Na wewe unajua, tangu Hali ya Hatari itangazwe, Mkikuyu akikutwa hata na risasi moja mfukoni ni kitanzi.

Wa kusema ukweli ni wewe, na wewe umelala chini ya udongo. Nimekukasirikia, Baba Yohana. Usiku naomba unisamehe, asubuhi nakukasirikia tena.

Nilimchukia bibi mdogo wako, hiyo bunduki, tangu siku ile mzungu wetu Bwana Mrefu alipokupa ulinde stoo yake ya kahawa. Ulikuja mbio, kofia mkononi. "Mama Yohana, mzungu amenipa bunduki! Amesema bunduki yako!" Nikakuambia yule mtu "iko" na "yako" kwake ni neno moja. Akitaka kujua kama kuna sukari, anamwuliza mpishi, "Sukari yako?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema nina wivu.

Labda nilikuwa nao. Ulimvua na kumvisha kila jioni, kitambaa laini, mafuta, kitambaa tena. Mafuta ya bunduki yalipoisha ukachukua ya kupikia, na bibi mdogo akanukia mandazi wiki nzima. Nilikuuliza, "Leo ameshaoga? Amekula?" Ulinijibu kwa heshima zote kwamba amekula na ananisalimia.

Alikuwa mfupi wa mtutu, wewe ukapenda hilo, ukasema ni mfupi mwenzako. Lakini kitako kilikuwa kirefu, kimepimwa kwa mikono ya Bwana Mrefu. Ilikuwa ile ya kupampu, unavuta kile kibao cha chini ya mtutu, unakisukuma mbele, krak-krak, ganda linaruka na risasi nyingine inaingia. Mkono wako haukukifikia vizuri. Bwana alipokuruhusu kujaribu kule mtoni, debe la kwanza ulilitoboa likaimba, la pili bunduki ikakwama kwa sababu ulivuta nusu. Ulirudi na bega la buluu. Nilikukanda kwa maji moto, nawe ukaniambia polepole, ukitazama ukuta, "Siku wakija kweli, mimi nitakufa nikiwa bado navuta." Sijasahau sauti hiyo. Mzaha wote ulikuwa umekutoka.

Ndipo ukaamua kikatwe. Bunduki ni yako, ulisema, kwa hiyo kitako ni chako, na mtu hufupisha suruali yake bila kuomba ruhusa. Ila askari wa barabarani hawakujua kwamba ni yako. Ulifungua skrubu, ukaacha bunduki kwenye sanduku, na hicho kitako nikakibeba mimi. Mgongoni, Baba Yohana, ndani ya shuka, kama mtoto. Askari wa kizuizi cha barabarani alitazama kibali changu cha kupita, akaniuliza mtoto ana nini mbona kimya hivyo. Nikamwambia ana homa. Wewe ulikuwa nyuma yangu, nilisikia unakohoa kuzuia kicheko. Mimi jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo.

Kwa Njoroge ulikataa jiliwa lake la kubania mbao, eti meno yake yatamkwaruza bibi mdogo. Nikaambiwa nishike mimi. Njoroge alipima mkono wako kutoka kiwiko hadi kidole, akachora mstari, vidole vitatu kutoka mwisho, akaanza kukata. Msumeno ukateleza ukanila kidole gumba. Damu ikaingia kwenye ule mti mweupe uliokatwa sasa hivi, ikanyweka kabla hatujaifuta. Njoroge akachukua unga wa mbao akanibandika, akasema, "Pole sana Mama Yohana, sasa hii bunduki imekura damu kabra ya vita." Wewe ukamwambia, "Imekula, Njoroge, imekula." Tulicheka wote watatu, na mimi kidole kinaniwaka moto.

Baada ya hapo kibao kilikuja na kurudi mkononi mwako bila shida. Madebe yote yalilala. Ulilala na wewe, kwa mara ya kwanza tangu uipate, ukalala kama mtu.

Halafu hawakuja. Hakuna aliyekuja. Kilichokuja ni mvua, na wewe kusimama ndani yake ukilinda magunia ya mtu mwingine, na kichomi. Pale hospitali Thika ulinishika mkono ukataka kusema neno, kikohozi kikakukatiza. Nimelitafuta neno hilo mpaka nimechoka. Tukakuzika hapa, maana kukupeleka nyumbani Maragoli haikuwezekana. Mama yako hajawahi kuliona kaburi lako. Nilitaka usijue hilo, lakini nitamwambia nani?

Bwana Mrefu alikuja kuchukua bunduki yake kabla matanga hayajaisha. Akaiweka begani, ikamwishia kwapani. "Nani nakata bunduki yangu?" alipiga kelele, hapa mlangoni, wanawake wakiimba ndani. Bunduki yangu, alisema. Nilisikia nikataka kukuamsha usikie.

Aliipeleka Nairobi ikawekewa kitako kipya. Njoroge alipokamatwa nilifikiri basi, tutafute kile cha zamani, tukiunganishe na kipande chake, mishipa ya mti ikutane, hata kipofu ataona ni kitu kimoja. Nilikimbia mpaka jikoni kwa Bwana. Mpishi akanitazama kwa huruma. Kile cha zamani kilirudi kimefungwa kwenye gazeti, akaambiwa akipasue kuni za kuchemshia maji ya kuoga. Bwana Mrefu aliyaoga, Baba Yohana. Na alipoulizwa na polisi, alisema hajui chochote kuhusu mtu anayeitwa Njoroge. Hilo ni kweli. Hamjui.

Nyapara naye akaniita pembeni. Ni mtu wa kwetu, anazungumza kwa upole. "Mama Yohana, hiyo ni mambo ya Wakikuyu na serikali. Wewe ni mgeni hapa. Nyamaza, chumba utabaki nacho, watoto watasoma." Nilinyamaza. Nilimshukuru hata. Nikarudi nikapika, nikawapakulia watoto chakula chote.

Jana mke wake Njoroge alikuja, yeye na yule mtoto wao wa mgongoni. Hakulia. Alikaa pale unapokaa wewe, akaniambia, "Mama Yohana, wewe urikuwa hapo. Wewe ndiyo urishika." Basi. Akafunga shuka yake akaenda. Mtoto wake alikuwa kimya hivyo hivyo, na huyu alikuwa na homa kweli.

Sijui nikuambie nini zaidi. Ninaogopa mpaka meno yananiuma. Nimejaribu kumwomba Mungu anionyeshe njia nyingine na kila nikifumba macho naona karakana ile. Nikisema nilikibeba mimi mgongoni, nimejitia mimi kwenye kamba. Nisiposema, atakayevikwa ni Njoroge. Ningejua hivi, ningekuacha na bega la buluu. Hapana. Nisingekuacha. Nakumbuka ulivyotazama ukuta.

Nimekitazama kidole changu leo mchana kutwa. Kovu limebaki, mstari mfupi, uko kwa mshazari. Na kile kipande wanacho wao, kwenye meza yao kule Thika, wanasema ni ushahidi. Karibu na tundu la skrubu la chini kuna doa jeusi. Wao watafikiri ni mafuta. Mimi najua damu yangu ilipoingia na ilivyonyweka, na hakuna mtu asiyekuwepo anayeweza kujua.

Kesho naenda. Watoto nawaacha kwa mwinjilisti, nimeshamwambia mkewe, amelia, amekubali. Yohana nimemwonyesha lilipo sanduku na shati lako. Nitasimama niseme bunduki ilikuwa mkononi mwa mume wangu, mlinzi wa stoo, na kwamba mimi nilikishika kitako kikikatwa. Nikiulizwa bunduki ilikuwa ya nani, nitasema mume wangu aliambiwa "yako" akaamini. Wakicheka wacheke. Kisha nitaomba waniletee hicho kipande, niweke kidole changu juu ya doa.

Nakuahidi sitatetemeka wakati huo. Kabla yake na baada yake siahidi.

Lala, Baba Yohana. Nimepalilia kaburi lako leo asubuhi, pande zote, kwa sababu sijui lini nitarudi. Na ukiniona nimekuja huko mapema, usiniulize maswali. Songa tu kidogo, unipishe nilale.

Ni mimi,
Mama Yohana