Sauti ya Kopo

12 Machi

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, mke wako na watoto hamjambo, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Mimi ni mzima. Barua hii nimeichapa mwenyewe kwenye kompyuta uliyoninunulia, na kila neno ninalochapa linasomwa sikioni mwangu. Asante, shemeji. Nitasema tena kabla sijamaliza.

Nimerudi kazini, kwenye chumba cha simu cha hospitali. Siku hizi namba za wodi zote zimo kwenye kompyuta, na mkubwa wangu alinipa mwezi mmoja nimwonyeshe kwamba asiyeona anaweza kuzitafuta upesi kama wengine. Nikishindwa, kazi sina.

Mwalimu wa kompyuta, ambaye naye haoni na wote tunamwita Masikio, alinisikilizisha sauti tatu za kunisomea. Nilichagua ile uliyoipendekeza kupitia mke wako, ya kiume, tulivu. Inavuta pumzi kabla ya sentensi, kama alivyofanya ndugu yako aliponisomea gazeti huku akimenya chungwa. Masikio aliguna, akaniambia hapa sichagui mchumba, nachagua mfanyakazi.

Sikumsikia. Wiki nzima, badala ya kusikiliza namba nilisikiliza sauti. Nikiiongeza kasi inameza tarakimu. Nikiipunguza, watu wanangoja kwenye simu. Siku moja mzee mmoja aliulizia wodi ya mjukuu wake, nami nikajisahau, nikaiambia kompyuta, "Rudia hapo, mpenzi." Yule mzee akajibu kwamba kurudia atarudia, ila mke wake amekaa pembeni yake. Nilipowasimulia wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda kulia chooni.

Kesho yake nilimrudia Masikio, nikachukua sauti niliyokuwa nimeikataa, kavu kama ya mtu anayesemea ndani ya kopo. Haipumui, haibembelezi. Lakini hata niikimbize vipi, kila namba inatoka nzima. Mwezi umekwisha jana, na mkubwa amesema nibaki. Bila kompyuta yako nisingefika hapo.

Sasa nikuombe radhi. Simu zako tangu mazishi ya mume wangu nilizisikia zote. Sikuwa nimelala, wala betri haikuwa imekwisha kama nilivyomwambia mke wako. Wewe na ndugu yako mna sauti moja, shemeji. Niliogopa nitakujibu kama nilivyokuwa nikimjibu yeye.

Ile sauti tulivu sijaifuta, ila siifungui. Nimewaza kwamba yupo mtu hai anayevuta pumzi vilevile kabla ya kusema, nami nimekuwa simpokelei simu. Nipigie Jumapili mchana. Nikinyamaza kidogo mwanzoni, usikate. Endelea tu kusema.

Asante tena kwa yote. Wasalimie nyumbani, na mnikumbuke.

Ni mimi, shemeji yako