Chaki Kwenye Ubavu wa Tairi

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Kifua chako kimetulia? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mama anatembea kwa fimbo, ila ulimi wake hauhitaji fimbo.

Nina jambo la kukueleza na naomba usinichukie. Ni yale matairi mapana uliyotuletea. Majirani waliyasifia, nami niliringa nayo. Lakini tangu tuyafunge, gari lilikuwa halinitii. Kwenye kona nageuza usukani, gari linasita kwanza, kisha linalalia upande. Fundi wa gereji akabadilisha springi, wapi.

Mwezi uliopita nilikuwa nikimrudisha Mama kutoka kwenye mazoezi ya goti, mvua inanyesha. Kwenye ile kona ya mteremko karibu na shule, gari likatupeleka hadi ukingo wa mtaro. Tulipofika nyumbani, Mama alishuka, akaliangalia gari. Ndipo akasema, "Mwanangu nakupenda, ila gari hilo sipandi tena." Akakosa mazoezi wiki mbili, goti likaanza kukaza.

Nikaelekezwa kwa mama mmoja fundi wa matairi. Wanamwita Bi Tepu, maana huvaa tepu ya kupimia shingoni kama fundi cherehani. Injini hakuigusa. Alipima rimu, kile chuma kinachobeba tairi, akasoma namba za tairi, akaguna. Kisha akachora mistari ya chaki ubavuni mwa tairi, akaniambia niuzunguke uwanja wake kwa mwendo wangu wa kila siku.

Niliporudi aliniita niiname. Kaka, nilishika kiuno. Chaki ilikuwa imefutika hadi katikati ya ubavu. Kumbe kwenye kona tulikuwa tunatembelea kifundo cha mguu badala ya unyayo.

"Rimu yako ina upana wa inchi tano na nusu," akasema. "Tairi hili lina upana wa milimita mia mbili ishirini na tano. Limebanwa chini, tumbo limetoka nje. Ukikata kona, rimu inageuka kwanza, tairi linafuata baadaye."

"Mimi nilijua tairi pana ndilo linaloshika barabara."

"Linashika, likikaa kwenye rimu inayoliweza."

Akafunga matairi ya milimita mia moja themanini na tano, akachora chaki upya. Safari hii ilifutika pembeni tu. Na gari, kaka, liligeuka pamoja na mikono yangu. Nilisimama katikati ya uwanja, nikazima injini. Miaka kumi na mmoja naendesha, sikujua kwamba uhai wetu umo ndani ya upana wa vidole viwili, na kwamba kuna mtu anayeweza kuusoma kwa kipande cha chaki.

Alhamisi nilimbembeleza Mama akapanda. Aliung'ang'ania mlango kwa mikono miwili. Kwenye ile kona alikuwa ananisimulia ugomvi wa majirani, na mikono yote miwili inasimulia naye. Hakujua kwamba tumeshapita.

Najua na wewe ulitaka kulifungia gari lako mapana kama yale. Pima rimu kwanza, nakusihi. Moyo wako tuliupokea wote, kaka. Ni matairi tu yaliyotushinda.

Mama na shangazi wanakusalimu, na binamu yetu mshonaji pia. Mungu akutangulie kila uendako na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kipimo.