Uvimbe Uliouita Jipu

Kaka yangu,

Huku tunasukuma siku. Mama amepaka rangi sebule, na kwenye cherehani ya baba bado kuna suruali ya mteja haijapigwa upindo.

Nimekukasirikia na sitazunguka. Baba alipokupigia simu kukwambia ana uvimbe kifuani, wakati sote tukidhani saratani yake ya uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, imekwisha, ulimjibu, "Uboho ulipimwa ukawa safi. Hilo ni jipu tu, acha kudeka." Akakuamini wewe kuliko mimi niliyemsihi aende hospitali. Miezi mitatu akauficha chini ya fulana.

Juzi daktari alitueleza taratibu kwamba saratani yake ya uboho imetoka nje ya mifupa, imeota kwenye nyama ya kifua na kwenye ini. Kumbe uboho unaweza kuonekana safi huku ugonjwa umehamia kwingine. Dawa ipo, lakini kazi imekuwa ngumu zaidi. "Laiti mngekuja mapema," alisema. Mimi ndiye niliyeinamisha kichwa, si wewe.

Tulipotoka, baba alinishika mkono. "Usimwambie kakako, mwanangu. Atajilaumu."

Basi nimekwambia. Jilaumu ukiwa njiani, maana Jumatatu anaanza dawa na anataka kukuona.

Ni mimi mdogo wako, bado nimefura.